Mpe Saa Mbili

Katika kikosi kidogo cha anga kilichokuwa na ndege mbili, moja ikiwa nzima, mtu mwenye nguvu kuliko wote hakuwa Mkuu wa kikosi wala rubani yeyote. Alikuwa sajini mmoja mwanamke, mfupi, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, ambaye katika maisha yake alipanda ndege mara moja tu, akatapika, akashuka, na hakuomba tena. Kazi yake ilikuwa kugawa saa.

Walio nje ya kazi hii hudhani ndege ya jeshi huruka pale jeshi linapotaka iruke. Sivyo. Kila mwaka serikali hununua mafuta ya saa kadhaa za kuruka, na zikishaliwa zimeliwa. Injini nayo ina kiasi chake: ikishazunguka muda ilioandikiwa na kiwanda, lazima ishushwe, ifunguliwe kipande kwa kipande, na isubiri vipuri vinavyotoka mbali na kusafiri kwa mwendo wa konokono. Kwa hiyo saa ya ndege haifanani na ile ya ukutani. Inalika, kama mkate. Mkate ulikuwa mmoja, walaji wengi, na kisu alikishika yeye.

Kikosini walimwita Shangazi. Jina lilianza na kuruta mmoja wa urubani aliyekuja kuomba nusu saa ya ziada, akakosa hoja za kijeshi, akaishia kusema, "Shangazi, nifikirie." Hakupewa nusu saa, lakini jina lilibaki. Siku moja hata Mkuu lilimponyoka, akakohoa muda mrefu ili lionekane kuwa ni kikohozi.

Kugawa alikuwa amejifunza dukani kwa mama yake, muuza mafuta ya taa. Kila jioni mtaa ulipanga foleni na chupa mkononi, macho yote kwenye mkono wa mama. Huko binti aliona mapema kwamba hakuna mtu aliyewahi kukiri kuwa kipimo chake kimejaa. Mama akimmiminia mteja mpaka yanafurika na kulowesha kaunta, mteja hutazama chupa ya jirani. Mama hakuwahi kubishana. Alifunika pipa, akasema, "Haya, kesho tena," na kesho walikuja wote, pamoja na waliokuwa wameapa kuhama duka.

Jeshini aliingia akitaka kuwa dereva wa lori. Karani wa usajili alimwuliza ana kipaji gani, akajibu kuwa anaweza kunyamaza. Karani, aliyekuwa ameshinda akisikiliza vijana wakijisifu mpaka masikio yanamwuma, aliona kitu hicho ni adimu, akampeleka kikosi cha anga. Alikaa kwanza stoo ya matairi. Baadaye koplo aliyekuwa akigawa saa aliomba kuhamishiwa jikoni, kwa maelezo kwamba jikoni watu hulalamika mara tatu tu kwa siku, na kiti kikawa wazi.

Koplo yule alikuwa akitumia ubao na chaki. Shangazi aliona ugonjwa wa chaki katika wiki ya kwanza: inafutika kwa kiwiko, na viwiko vya wenye vyeo vilikuwa na tabia ya kuegemea ubao. Unatoka kwenda kunywa chai, unarudi unakuta saa za mafunzo zimepungua na ofisa fulani ana vumbi jeupe kwenye mkono wa shati. Hakumsema mtu. Alikwenda sokoni akanunua vibanio vya kuanikia nguo, akatandaza nyaya tano ukutani, akaitupa chaki. Kila kibanio kilikuwa saa moja ya kuruka. Waya wa juu ulibeba saa zote za robo ya mwaka, na chini yake zilikuwapo nyaya nne zenye majina: Mafunzo, Doria, Wagonjwa, Wakubwa. Ndege ikirudi, kibanio kinachopolewa na kutupwa kwenye ndoo, kinalia *ko*, na saa hiyo imekufa. Kibanio hakifutiki kwa kiwiko. Ukikitaka, lazima unyooshe mkono, ukibane kwa vidole viwili mchana kweupe, na mwenye chumba anakutazama.

Lugha ya kikosi ilibadilika. Watu hawakuomba tena saa, waliomba kibanio. Aliyenyimwa safari alisema ameanuliwa. Mwanzoni mwa kila robo ya mwaka nyaya zote nne zilipata haki zake, na kila mara, kufikia katikati, waya wa Wakubwa ulikuwa umelegea kwa uzito, na wa Mafunzo ulikuwa mtupu kiasi kwamba Shangazi alianikia hapo kitambaa chake cha kufutia vikombe. Si kwamba alipenda. Agizo lilikuja kwa simu, na simu ilikuwa na cheo kumzidi.

Nyumbani hakugawa kitu. Mume wake alikuwa kinyozi, na yeye ndiye aliyekata mkate, aliyepanga nani aoge kwanza, na aliyeamua kati ya mabinti wao wawili nani alale upande wa dirishani. Mabinti wakimgeukia mama yao awaamue, aliwajibu kwamba amevua sare, wamwulize baba yao. Kinyozi aliamua haraka na vibaya, na nyumba ilikuwa na amani.

Mwaka tunaouzungumzia, ndege ya pili ilikuwa karakanani, injini yake imetandazwa sakafuni juu ya shuka kama kitoweo kinachosubiri kupikwa. Ile nzima ilikuwa imebakiza saa chache kabla nayo haijashushwa. Na hapo ndipo aliporudi kazini Luteni.

Luteni alikuwa rubani mzuri aliyekwenda likizo ya uzazi na kurudi na mapacha. Wenzake walisema ndiye rubani pekee wa kikosi aliyewahi kutua na abiria wawili kwa mpigo bila kibali cha mnara wa kuongozea ndege, wakambatiza Mama Pacha. Alicheka pamoja nao. Kilichomkosesha usingizi ni kanuni, na kanuni ilikuwa fupi: rubani aliyekaa chini muda mrefu lazima aruke saa mbili na mwalimu, na mwalimu aridhike, kabla robo ya mwaka haijaisha. La sivyo nembo ya mabawa inatolewa kifuani, na mwenyewe anapangiwa kazi nyingine. Kazi nyingine ilijulikana. Stoo ya mablanketi ilikuwa haina mkubwa tangu wa mwisho alipostaafu, na kila aliyeingia pale aliingia mpaka kustaafu.

Shangazi alimpangia saa zake mara ya kwanza, mvua ikanyesha mpaka njia ya kurukia ikageuka bwawa. Akampangia tena, akaja mgonjwa aliyepasuka utumbo, na Luteni mwenyewe akashika upande mmoja wa machela kumpandisha. Mara ya tatu anga lilikuwa safi kama sahani, Luteni amekwishavaa, mapacha wamekwishaachwa kwa bibi yao, na simu ikalia. Mgeni mzito wa makao makuu alitaka kwenda kutazama jiwe la msingi. Jiwe lenyewe lilikuwa limewekwa mwaka uliotangulia na mgeni mwingine, na halikuwa limeonyesha dalili ya kwenda popote, lakini lilihitaji kutazamwa siku hiyo.

Ndege ilipoondoka na mgeni, Luteni aliingia chumba cha Shangazi akakaa kwenye benchi, kofia ya kurukia mapajani.

"Shangazi, niambie ukweli. Vipo au havipo?"

"Vilivyopo vina wenyewe, mwanangu."

"Na mimi si mwenyewe?"

Shangazi alishughulika na birika. Luteni akasema bila uchungu, kama mtu anayetoa taarifa, "Wale watoto wameanza kutambaa. Saa hizi wana mwendo mwingi kuliko mimi."

Wakanywa chai. Shangazi alimwona akitazama nyaya. Hakuutazama waya wa Wakubwa, ambao wote waliutazama kwa kijicho. Aliutazama wa Mafunzo, wenye kitambaa cha vikombe.

Ukweli ni kwamba vilikuwapo vibanio viwili ambavyo havikuwa kwenye waya wowote. Shangazi aliviita akiba ya mawingu. Ndege ikienda nusu ya safari na kurudishwa na hali ya hewa, lazima saa za kurudia zitoke mahali, na yeye alizitoa huko. Mkuu alijua kwamba akiba ipo, maana aliiruhusu mwenyewe. Hakujua inakaa wapi. Ilikaa dirishani, imebana mapazia mawili katikati ili jua lisiingie, na kwa muda wote huo wageni waliokuja kukagua chumba waliona mapazia yaliyobanwa kwa vibanio na kuhitimisha kwamba jeshi halina pesa.

Robo ya mwaka ikikaribia kwisha, akiba isiyotumika hupewa mwenye haja. Safari hii mwenye haja alikuwa amekwishajitokeza. Mgeni wa jiwe alitaka kurudi Jumamosi, kwa kuwa katika picha zote za safari ya kwanza alikuwa amefumba macho. Makao makuu waliuliza kama kuna saa zilizobaki, na Mkuu alisema atatazama.

Mkuu alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja kubwa kwa mwanajeshi: hakuweza kumwumiza mtu huku anamtazama. Aliweza kuamuru vitu vizito kwa simu, mradi simu iwe fupi. Alipopiga hesabu ya saa zilizosalia na ya mgeni, aliona wazi kuwa Luteni hatapata zake, na kwamba ni ungwana kumwita ofisini, kumkalisha, kumpa chai, na kumweleza habari za mablanketi kwa sauti ya upole kabla hajazisikia kwenye foleni ya chakula. Karani wake ndiye hupanga miadi. Siku hiyo karani alikuwa amekwenda kung'oa jino. Mkuu akawaza kwamba marubani wote hukaa kwa Shangazi, akanyanyua simu.

"Sajini. Luteni wa mapacha. Kesho asubuhi mpe saa mbili, tulimalize suala lake."

"Saa mbili, afande?"

"Saa mbili," akasema Mkuu, akakata haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Shangazi alibaki ameshika mkono wa simu. Katika chumba kile, kwa miaka yote aliyokaa, neno saa halikuwahi kuwa na maana nyingine. Watu walipewa saa, walinyang'anywa saa, walilia kwa ajili ya saa. Mtu akisema fulani mpe saa mbili, yeye hunyoosha mkono ukutani. Na Luteni alihitaji ngapi? Mbili. Hata hivyo angeweza kupiga simu kuuliza. Simu ilikuwa mkononi. Hakupiga, na sababu alizotoa baadaye zilikuwa tatu na zote nzuri, jambo ambalo peke yake lilitia shaka.

Jioni hiyo, kinyozi akimenya viazi, Shangazi alimwuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: mtu akikwambia mpe fulani saa mbili, wewe unaelewa nini?

"Nitauliza kwanza, za mkononi au za ukutani," alisema kinyozi. "Saa mbili za mkononi si kidogo. Anayetoa ni nani?"

"Mkubwa."

"Basi elewa linalokufaa. Mimi wakubwa nawanyoa. Akisema punguza kidogo, hata yeye hajui ni kidogo gani. Unapunguza unavyoona, ukimpa kioo anasema ndivyo alivyotaka."

Shangazi alilala vizuri. Mazungumzo hayo hayakuingia katika maelezo aliyotoa kesho yake kwamba hakuwa na shaka hata chembe.

Asubuhi alifika mapema akavuta benchi dirishani, akapanda, na kuchomoa vibanio viwili. Mapazia yakaachana kila moja upande wake, na jua likaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu yatundikwe. Likaonyesha vumbi ambalo hakuwa na habari nalo. Akaondoa kitambaa cha vikombe kwenye waya wa Mafunzo, akabana pale vibanio vyote viwili, karibukaribu.

Mwalimu alikuwa kapteni wa siku nyingi, mwenye kipaji cha kusinzia akiwa amefumbua macho, kipaji ambacho wanafunzi wake waliogopa kwa sababu hawakujua lini anawatazama. Alisimama mbele ya waya, akahesabu, na hesabu haikuwa ndefu.

"Shangazi, hizi zimetoka wapi?"

"Afande kasema mpe saa mbili."

"Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa simu."

Mwalimu akamtazama, akalitazama dirisha lililo wazi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma mazingira kabla ya kuruka, hakuuliza zaidi. Luteni aliletewa habari akiwa anavua viatu vya watoto nyumbani kwa mama yake, na alikuja na ute wa mtoto mmoja begani. Ndege ilitoka jua likiwa bado halijapata makali.

Mkuu, kwa upande wake, alikuwa amejiandaa. Alikuwa amepanga viti viwili visivyotenganishwa na meza, jambo alilolisoma mahali kwamba hupunguza machungu. Alikuwa na birika na vikombe viwili. Alikuwa amejifunza mbele ya kioo namna ya kutamka "blanketi" bila kulifanya litikisike. Ilipotimia saa mbili alikaa wima akingoja mlango ugongwe. Kilichokuja ni ndege. Ilipita juu ya paa, chini kuliko kawaida, ikizunguka kurudi uwanjani, na vikombe vikagongana kwenye sahani zake.

Mkuu alijua ratiba ya siku hiyo. Ndege hiyo haikuwa kwenye ratiba. Akavaa kofia.

Alipoingia chumba cha Shangazi jua lilimpiga usoni, akakunja macho.

"Sajini, Luteni yuko wapi?"

"Yuko kwenye saa zake, afande."

"Saa zipi?"

"Zile mbili ulizompa."

Mkuu akageuka polepole kutazama saa ya ukutani, kisha waya wa Mafunzo, kisha dirisha. Kwa mtu aliyezoea kusoma vipimo vingi kwa pamoja haikumchukua muda.

"Nilisema saa mbili," akasema.

"Ndiyo, afande. Mbili kamili, sikupunguza."

"Saa mbili, Sajini. Ya saa. Aje kwangu saa mbili."

"Aa," alisema Shangazi, na sauti hiyo aliitoa kwa ufundi mkubwa. "Hapa, afande, saa za namna hiyo hatuna. Hizo anazo karani."

Redio ya mezani ilikuwa wazi, inakoroma. Mkuu alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti. Neno moja tu lilihitajika, na mnara ungeirudisha ndege chini, Mwalimu angetoka hajaridhika kwa sababu hajamaliza, na robo ya mwaka ingeisha kama ilivyopangwa. Shangazi alisimama. Kwa miaka yote alikuwa ameona mikono ikiinuka kwenye nyaya zake, na kawaida yake ilikuwa kutazama tu. Safari hii aliongea.

"Afande, ukimrudisha sasa, mafuta yamekwenda na hatukupata kitu. Ukimwacha, mafuta yamekwenda na tumepata rubani."

Redio ndiyo iliyojibu: sauti ya Luteni, kavu, ikiomba mnara ruhusa ya kugusa njia na kuondoka tena. Kulikuwa na upepo wa ubavuni, aliutaja, akataja na nguvu yake. Mnara ukamruhusu. Mkuu akasogea dirishani na kipaza sauti kikiwa bado mkononi, waya wake umenyooka kama kamba ya mbuzi.

Ndege ilikuja imepinda kidogo, ikajinyoosha ikiwa imechelewa, ikagusa, ikaruka kama mpira, ikagusa tena, ikaruka, ikagusa mara ya tatu, ikaondoka. Shangazi, ambaye hakujua urubani, alishika moyo. Mkuu, ambaye aliujua, alisema "Hm," na hakikuwa kikohozi.

Mara ya pili ilikuja vizuri zaidi. Shangazi hakuitazama ndege. Alitazama sakafuni, kwa kuwa alikuwa ameona kitu: mguu wa kulia wa Mkuu ulikuwa unasukuma saruji, taratibu, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, kama anayekanyaga pedali. Mkuu naye alikuwa rubani, na kwa miaka mingi hakuwa amepata kibanio. Saa zake mwenyewe zilikwenda na wageni pamoja na za wengine. Shangazi akammiminia chai. Mkuu akaweka kipaza sauti mezani ili apokee kikombe, na baada ya hapo hakukishika tena.

Walikaa hivyo, mmoja kwenye benchi, mmoja kitini, wakisikiliza. Luteni alipanda, akashuka, akajifanya injini imezimika, akajifanya imewaka. Mara moja mnara ulimwuliza kama ana abiria, akajibu kwa mzaha kwamba abiria wake wawili amewaachia bibi yao, ndiye mnara wao siku hizi, na kila mtu kwenye masafa yale akasahau nidhamu kwa muda. Mkuu alitazama kikombe chake ili asionekane akicheka.

Ndege iliposimama, Shangazi alichomoa vibanio viwili, akavitupa kwenye ndoo. *Ko. Ko.* Waya wa Mafunzo ukabaki mtupu. Mlango ukafunguliwa akaingia Mwalimu, nyuma yake Luteni, jasho kutoka kichwani mpaka kiunoni. Alipomwona Mkuu alipiga saluti, na uso wake ukasema kwamba kitu fulani hakiko sawa na yeye hajui ni kipi.

"Vipi?" Mkuu alimwuliza Mwalimu.

"Kutua kwa kwanza, afande, alitua mara tatu."

"Niliona. Na kwa mwisho?"

"Kwa mwisho sikuamka."

Katika kikosi kile hakuna aliyewahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Luteni alikaa kwenye benchi bila kuruhusiwa.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa makao makuu, na walikuwa wamemkosa Mkuu ofisini kwake. Shangazi alimpa mkono wa simu kwa heshima zote. Walitaka kujua habari za Jumamosi. Waliokuwapo walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na haukuwa mrefu. Mkuu alisema hapana. Akasema akiba imetumika, kwa mafunzo, ndiyo, kwa amri yake. Kisha wakamwuliza ndege itakuwa tayari saa ngapi, na yeye, akiwa anatazama waya mtupu, akajibu, "Hakuna hata moja." Ilichukua muda kuelewana. Jasho lilimtoka kipajini, lakini alimaliza sentensi zote, na alipoweka simu alionekana kama mtu aliyeng'olewa jino na kugundua kwamba uchungu umeondoka na jino.

Akavaa kofia, akamgeukia Luteni.

"Kesho saa mbili ofisini kwangu. Tupange zamu zako za wagonjwa."

"Ndiyo, afande."

Akafika mlangoni, akasimama, akafikiri, akarudi hatua moja. "Uje kwa miguu," akasema.

Wiki iliyofuata ulitoka waraka kwamba kikosini, ili kuondoa utata, muda wa kuruka usiitwe tena saa, uitwe kibanio, na taarifa zote zifuate utaratibu huo. Makao makuu walisoma taarifa ya robo ya mwaka, wakakuta kikosi kimeomba vibanio vingi zaidi ya mwaka uliopita, na ofisa mmoja wa ugavi, mtu mwepesi wa kusaidia, akawatumia katoni nzima, ya plastiki, rangi mbalimbali. Vya kuruka viliongezwa baadaye, vichache, baada ya barua kadhaa.

Luteni alipata zamu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kujifungua, akajifungua angani kabla hawajafika, na wenzake wakasema huyu sasa amezidi. Mgeni wa jiwe alikwenda kwa gari, akapigwa picha macho yakiwa wazi, mekundu kwa vumbi.

Kuhusu vibanio vya rangi, Shangazi aliviainisha vizuri. Vyekundu alivipa waya wa Wagonjwa, na vya kijani wa Doria. Kwenye waya wa Wakubwa alibana kimoja pembeni kabisa, cha manjano, peke yake, na Mkuu alipouliza ni cha mgeni gani, alimjibu kwamba ni chake yeye, akikitaka, siku isiyo na upepo. Mkuu alisema atatazama. Viwili vyeupe, ambavyo havikuwa na kazi, alikwenda navyo dirishani. Alishika mapazia yote mawili, akayasogeza yakakutana, akatazama jua likipungua mezani. Kisha akayaachia, akabana kila moja upande wake.